Nchi Iliyotunga Masanga

Mwaka 1952, katika mji wa madini ulioitwa Jadotville, Mwingereza aliyezunguka Afrika na gari lililojaa mitambo ya kurekodi alimsikia kijana akipiga gitaa barabarani. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, mwenye umri wa miaka 22 hivi. Mwingereza alikuwa Hugh Tracey. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi kwa kijana huyo ulikuwamo mmoja uitwao Masanga. Ulimpatia Tuzo ya Osborn ya mwaka 1952, iliyotolewa na Jumuiya ya Muziki wa Kiafrika, kisha kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikautia kwenye santuri. Kabla muongo haujaisha, vijana wa Nairobi na wa Ukanda wa Shaba wa Zambia walikuwa wameinamia magitaa yao, wakijaribu kuufuata kidole kwa kidole.

Nimeupenda wimbo huo tangu utotoni Tabora, nikiusikia redioni bila kujua ulikotoka. Kwa miaka mingi nilidhani siri yake imo vidoleni mwa Bosco peke yake. Nilipofika Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, nikaona kwamba vidole vile vilikuwa na wasaidizi wengi: reli, shaba, kambi za wafanyakazi, Kiswahili kilichokuzwa migodini, na ukoo wa watu waliotoka Unyamwezi karne moja kabla. Bosco ndiye aliyeutunga wimbo. Lakini nchi hii ilikuwa imekwisha kumpa kila alichokihitaji. Wasafiri wengi hupita Lubumbashi wakihesabu malori ya shaba na kobalti. Anayekuja kwa ajili ya Masanga hukuta mji tofauti, na nadhani huo ndio mji wenyewe.

Kutoka kusini

Njia nzuri ya kuingia Lubumbashi ni ile ile iliyopitwa na gitaa: kutoka kusini. Msafiri wa Tanzania anaweza kupanda treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, akachukua basi kupita Ndola na Chingola, akafika mpakani Kasumbalesa. Hapo malori hupangana kilomita nyingi, mengine yakienda Kongo na mafuta, saruji na unga, mengine yakitoka na mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Madereva wanatoka Dar es Salaam, Lusaka, Harare na Durban, na karibu wote wana Kiswahili cha kuombea maji na kuuliza bei. Kutoka mpakani hadi mjini ni kilomita 90 hivi za barabara ya lami, katikati ya miombo. Pembeni kuna vichuguu virefu kumpita mtu, magunia ya mkaa yaliyosimama wima, na wakati wa masika akina mama wenye mabeseni ya uyoga, mwingine mpana kama sahani.

Reli ilifika hapa kutoka Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1910, na mwaka huo huo mji ukapimwa na kupewa jina la malkia wa Ubelgiji: Élisabethville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri la kwanza likaanza kutoa shaba. Mabehewa yaliyochukua shaba kwenda baharini yalirudi na makaa ya mawe ya Wankie na unga wa mahindi wa Rhodesia, na pamoja na shehena hizo zikaja bidhaa za dukani: baiskeli, cherehani, gramafoni na magitaa ya kiwandani. Kijana aliyelipwa mshahara mwisho wa mwezi aliweza kuweka akiba akanunua chombo ambacho babu yake hakukijua. Hivyo gitaa la Katanga lilikuja kwa treni, likalipwa kwa jasho la mgodini.

Ukiingia mjini utaliona bomba refu la moshi la tanuri la zamani, na kando yake kilima cheusi cha masalia ya shaba iliyoyeyushwa. Watu wa hapa wanakipenda kilima hicho. Wachoraji wamekichora, wapiga picha wamekipiga, na vijana huwaelekeza wageni kwa kutumia bomba lile. Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, aliyazungusha duniani magofu ya viwanda hivi kwa picha zilizochanganya mandhari ya leo na wafanyakazi wa enzi za ukoloni. Ni yeye na wenzake walioanzisha mwaka 2008 mkutano wa sanaa uliokuja kuwa Bienale ya Lubumbashi. Mji uliojengwa kwa ajili ya kutoa madini umezoea kutoa na vitu vingine.

Mji wa kutembea kwa miguu

Lubumbashi uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake humfaa mtembezi. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi ni baridi, watu huvaa makoti, na anga ni buluu bila wingu. Kuelekea Oktoba joto hupanda, mijakaranda inachanua na barabara za katikati ya mji zinatapakaa zambarau. Anza kwenye Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lenye matofali mekundu, kisha elekea jengo la ukumbi wa michezo linaloitwa leo Jengo la Tarehe 30 Juni, kwa heshima ya siku ya uhuru wa mwaka 1960. Lilijengwa miaka ya 1950, na mistari yake bado inapendeza. Karibu nalo ni Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Usiyapite.

Humo katika makumbusho simama mbele ya misalaba ya shaba. Mababu wa nchi hii waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuri za udongo wa vichuguu, wakamimina shaba kwenye kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha ya mahari na ya biashara kwa karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika. Bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 ilibeba misalaba mitatu ya aina hiyo. Mafundi bado wapo: sokoni utaona sahani na picha za shaba iliyofuliwa kwa nyundo, na malakiti ya kijani iliyochongwa ikawa mayai, tembo na vibweta. Nunua kwa fundi mwenyewe ukiweza, umwulize alijifunza kwa nani. Mara nyingi jibu litakupeleka kwenye historia ya familia.

Ukishikwa na njaa, tafuta kibanda chenye moshi. Mama aliyeniuzia chakula karibu na soko aliniuliza kwa haraka, akiwa na mwiko mkononi: “Papa, utakula bukari na nini? Kuko sombe, kuko samaki, kuko nyama ya mbuzi.” Bukari ni ugali wetu, sombe ni kisamvu, na samaki wa maji baridi hutoka Kasenga, mtoni Luapula, walikovua watu wanaoulisha mji huu tangu zamani. Omba na kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, kitamu kikiwa bado kichanga. Mezani palikuwa na Mluba wa Kasai, Mbemba, Msanga na Mtanzania mmoja. Tuliongea Kiswahili wote, kila mmoja na lafudhi yake, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Kiswahili hicho kina historia nzito. Miaka ya mwanzo Union Minière ilitafuta watu Rhodesia ya Kaskazini, kisha Kasai, Lomami, na Ruanda-Urundi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaamua kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu pamoja na wake na watoto wao, katika kambi zenye shule, zahanati na uwanja wa mpira. Watu wa lugha nyingi walihitaji lugha moja ya kuelewana. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika na misafara ya biashara kutoka mashariki, na kambi zikakifanya lugha ya nyumbani. Watoto walizaliwa ndani yake. Bosco alikulia katika dunia hiyo, na alipofungua kinywa kuimba mbele ya kipaza sauti cha Tracey aliimba kwa Kiswahili. Ndiyo maana msikilizaji wa Mombasa au wa Tabora hakuhitaji mkalimani.

Maisha ya kambi yalikuwa na uchungu wake, na mwenye kuusifu mji huu hana haki ya kuuficha. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara inayolingana na bei za wakati wa vita. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu waliuawa, akiwamo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Bosco alikuwa mtoto wa miaka 11 hivi. Na Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa nje ya mji huu, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wenyeji huwapeleka wageni mahali hapo, Shilatembo. Nenda. Mji huu haukupata furaha yake kwa kupewa.

Kenya, Kamalondo, na gitaa la mtaani

Vuka reli uende kwenye mitaa iliyojengwa kwa ajili ya Waafrika. Kamalondo ndio mkongwe, na humo uko uwanja wa TP Mazembe, klabu iliyoanzishwa na watawa wa Kibenedikto mwaka 1939 na iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Siku ya mechi mtaa wote huvaa nyeusi na nyeupe. Mbele kidogo ni Kenya, kisha Katuba. Ndiyo, wilaya ya mji inaitwa Kenya. Hapo soko halilali mapema, na muziki hutoka kila mlango.

Hapo Kenya ndipo kilipozaliwa kikundi cha JECOKE, vijana wachekeshaji wa Kenya, waliochanganya ngoma, dansi, vichekesho na gitaa katika miaka ya 1950. Edouard Masengo, ndugu yake Bosco na mpiga gitaa mwenye sauti laini kuliko wote, alihusiana na kikundi hicho. Losta Abelo naye alikuwa wa kizazi hicho hicho. Hawa watatu, Bosco, Masengo na Abelo, ndio nguzo za gitaa la Katanga. Walipiga kwenye harusi, baa na matanga, mara nyingi gitaa likisindikizwa na mtu mmoja tu aliyegonga chupa ya soda kwa kipande cha chuma. Mpigo wa chupa ile ulitosha kuwachezesha watu mpaka alfajiri.

Mzee mmoja wa mtaa huo, fundi wa viti aliyecheza gitaa ujana wake wote, alinikaribisha barazani kwake. Nilimwuliza alijifunzaje. Akasema: “Kwetu kuno habafundishe gitaa ku masomo, papa. Unakaa pembeni ya mukubwa, unaangalia mukono yake.” Akachukua gitaa la mjukuu wake, akakaza nyuzi, akapiga sehemu ya kwanza ya Masanga polepole. “Bosco alikuwa anapiga na bidole mbili tu,” akaniambia. “Lakini ukisikia unasema beko batu ine.”

Maneno yake ni ya kweli kwa kipimo chochote cha kitaalamu. Bosco alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi za chini na kutembea bila kusita, kama mtu anayejua aendako. Kidole cha shahada kilipita nyuzi za juu, kikiimba sauti inayoingia katikati ya mapigo ya gumba, ikilitangulia hapa, ikichelewa nyuma yake pale. Sikio linapokea njia mbili kwa wakati mmoja na kutafuta la kufuata. Mtaalamu wa muziki David Rycroft wa Chuo Kikuu cha London aliandika uchambuzi wa sehemu mbili juu ya upigaji huu katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, akiunukuu Masanga noti kwa noti. Alichokionyesha ni kwamba Bosco hakurudia kitu kwa kukariri. Alikuwa na mawazo machache ya msingi, na kila alipoyarudia aliyageuza: noti moja ikiongezwa, pigo moja likihamishwa. Wimbo uliendelea kutungwa kila ulipopigwa.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa anayeuliza Masanga ilitungwa vipi. Haikutungwa siku moja mezani kwa kalamu. Ilitungwa mikononi, mbele ya watu, na mtu aliyekulia kati ya muziki wa aina nyingi. Katika nyumba za wafanyakazi zilisikika santuri za GV zenye muziki wa Kuba, zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Zilikuwapo nyimbo za kanisani, kwa kuwa wamisionari Wakatoliki waliendesha shule. Ilikuwapo likembe, inayopigwa kwa gumba na yenye tabia ya kurudia wazo dogo mpaka linanoga. Na zilikuwapo ngoma za nyumbani. Bosco hakuiga hata kimoja. Aliviweka vyote katika gitaa kavu moja, na kwa kuwa hakuwa na bendi, ilimbidi awe bendi mwenyewe.

Leo ukitaka kusikia tabia hiyo ikiendelea, ulizia karindula. Ni banjo kubwa ya kienyeji: pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, shingo ya mti na nyuzi nne. Mpigaji hukaa kando yake au juu yake, wenzake wakigonga na kuimba, na wachezaji wakitimua vumbi mtaa mzima. Mwaka 2009 tamasha la vikundi vya karindula lilirekodiwa hapa Lubumbashi, na rekodi zake zikatolewa Ulaya mwaka 2011. Vijana hawa hawana pesa ya gitaa la umeme, na hawakuisubiri. Bosco angewaelewa mara moja.

Barabara ya Likasi na Bunkeya

Aliyefika Lubumbashi kwa ajili ya Masanga hana budi kuendelea kaskazini magharibi. Likasi, Jadotville ya zamani, iko kilomita 120. Barabara inapanda na kushuka kati ya vilima, na katika kingo zilizokatwa udongo ni mwekundu wenye michirizi ya kijani, maana shaba iko karibu hivyo. Karibu na mji ni Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima. Likasi yenyewe ni mji wenye nyumba za baraza pana, miembe mirefu, na kiwanda cha Shituru kilichosafisha shaba kwa umeme tangu miaka ya 1920. Mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa hapa mwaka 1941. Nilitembea barabara zake nikifikiria kwamba mojawapo ndiyo aliyopita Bosco na gitaa lake siku Tracey alipomsikia. Ni mji wa mwendo wa taratibu, na mtu anaweza kutembea huku akipiga gitaa bila kugongana na mtu.

Zaidi ya Likasi, katika mkoa wa Lualaba wa leo, ni Bunkeya, alikozaliwa Bosco mwaka 1930. Kwa msomaji wa Tanzania, safari hii ni ya ndugu. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Unyamwezi, Wasumbwa wa upande wa magharibi, walivuka Luapula wakifuata shaba na pembe. Mmoja wao, Ngelengwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Msiri, alikaa, akaoa, akapigana, akajenga ufalme wa Garenganze na kuufanya Bunkeya makao yake. Misafara yake ilifika bahari zote mbili. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na kapteni mmoja wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuitwaa nchi kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wake, Bayeke, waliendelea, na utemi wao upo hadi leo. Bosco alijivunia asili hiyo. Jina alilolitumia ukubwani, Mwenda wa Bayeke, linabeba jina la watemi wa ukoo huo.

Bayeke walileta katika Katanga ufundi mmoja ulioshangaza wenyeji: kuvuta shaba iwe waya. Walipitisha kipande cha shaba katika tundu la chuma, wakavuta, wakakipitisha katika tundu dogo zaidi, mpaka ukapatikana uzi mwembamba wa kusukia bangili za mikono na miguu. Bangili hizo zilivaliwa toka Bunkeya hadi Tabora. Nilipoliona hilo niliukumbuka ule mkono wa mzee wa Kenya juu ya gitaa. Nyuzi nene za gitaa kavu mara nyingi huzungushiwa waya wa shaba iliyochanganywa na metali nyingine. Mjukuu wa wavuta waya aliketi na chombo chenye waya wa shaba, katika mji wa shaba, akaupa sauti. Sikuhitaji uthibitisho mwingine kwamba wimbo huu una kwao.

Masanga ilikokwenda

Umaarufu haukumtoa Bosco katika maisha ya kawaida. Alifanya kazi za mshahara, benki na kwa kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière baada ya kutaifishwa. Alisimamia bendi, akawa na hoteli Sakania mpakani mwa Zambia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa Nairobi, ambako dawa ya maumivu ya Aspro ilitangazwa kwa gitaa lake, na sauti yake ikawa ya kila siku redioni. Masengo naye alikuwa Kenya wakati huo. Wapigaji kama John Mwale na George Mukabi walikuwa wakiujenga upigaji wa vidole wa Kenya, na masikio ya wakati huo yalijaa Katanga. Chupa ya soda nayo iligongwa magharibi mwa Kenya vile vile.

Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, pale pale ambapo miaka 4 kabla yake Bob Dylan aliwashangaza mashabiki kwa kuja na gitaa la umeme. Watu waliokuwa wakibishana iwapo gitaa liwe na umeme au lisiwe nao walimwona mtu mmoja, chombo kimoja, vidole viwili. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alisafiri hadi huku kuwatafuta wakongwe wa gitaa, akaandika shajara ya safari hiyo iliyochapishwa Vienna mwaka 1982. Gerhard Kubik wa Austria alimwandika na kumrekodi. Mpiga gitaa wa Marekani Elijah Wald alikuja Lubumbashi kujifunza kwa Bosco na Masengo wenyewe. Mwaka 1988 Bosco alirekodi Cape Town nyimbo zake za zamani, akiwa mtu mzima mwenye mikono iliyotulia. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari.

Orodha hiyo ya wageni inanifurahisha na kunihuzunisha. Inanifurahisha kwa sababu waliona thamani, wakasafiri mbali, wakaweka kumbukumbu ambazo bila wao zingepotea. Inanihuzunisha kwa sababu majina ya waliokuja kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Tabora ni machache mno. Sisi tunaoielewa lugha ya nyimbo zake bila kamusi, sisi ambao baadhi yetu ni ndugu wa damu wa mtunzi, tumewaachia wengine kazi ya kuuliza ilikuwaje. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kipo tangu mwaka 1955 na kina wasomi wa historia na lugha. Makumbusho yapo. Wazee wachache walioketi pembeni ya Bosco na Masengo wapo bado. Ningependa kuona katika makumbusho yale, karibu na misalaba ya shaba, chumba kimoja cha gitaa: santuri za Gallo, picha za JECOKE, karindula, na spika ambapo mtoto wa shule anaweza kubonyeza akausikia Masanga. Gharama yake haifiki mzigo wa lori moja linalosubiri Kasumbalesa.

Mpaka hilo litakapofanyika, mji wenyewe ndio makumbusho. Njoo Juni au Julai ukipenda baridi, au Septemba ukipenda maua. Njoo na cheti cha homa ya manjano, na Kiswahili chako, ambacho kitakufikisha kila mahali. Ukiwa na gitaa, lichukue. Keti barazani Kenya au Katuba jioni, piga ulichonacho, hata kama ni kidogo. Mtu atakuja, ataketi, atakaza uzi mmoja uliolegea, atasema “leta nione”. Usimpe maelezo marefu. Mpe gitaa, umwangalie mkono, kwa sababu hivyo ndivyo Masanga ilivyopita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa miaka zaidi ya 70, na zamu ya kuipokea sasa ni yetu.